Bima ya gari: usilipe kwa wa kwanza unayemkuta

Mwezi huu tunaongea habari ya bima ya gari, au asiransi kama wanavyoiita watu wetu wa Rumonge na Nyanza-Lac. Tunajua wapo watakaosema: jamani, sisi hapa kambini tunatembea kwa miguu, gari la nini? Lakini ukikaa vizuri na familia utakuta mambo ni mengine. Huyu ana mtoto wa kaka yake anayeendesha Probox kati ya Nyanza-Lac na Bujumbura, na hilo gari lilinunuliwa kwa mchango wa ukoo mzima. Yule ana moto ya taksi iliyotoka kwenye mauzo ya mawese. Mwingine ana dada yake Texas. Na kila mara simu inaingia: "Baba mdogo, asiransi imekwisha, tutumie kitu." Basi mwenye kutuma hela ana haki ya kuuliza hela inakwenda wapi.

Kwanza tuelewane bima ni nini, maana wengi wanaiona kama kodi ya kumnyamazisha polisi wa barabarani. Burundi, kama nchi zote jirani, sheria inalazimisha kila chombo chenye injini kinachotembea barabarani kiwe na bima ya kuwalipa watu wengine wanaoumizwa nacho. Hiyo ndiyo watu wanaita bima ndogo. Gari likimgonga mtoto pale Kabonga, kampuni ndiyo inalipa matibabu na fidia, siyo wewe. Bila bima, ukoo utauza shamba la michikichi, na pengine halitatosha. Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Karatasi ndogo ile ya kwenye kioo ndiyo inayosimama kati ya ajali moja na familia kurudi sifuri.

Bima kubwa ni ile inayolipa na gari lako wewe mwenyewe: likiibiwa, likiungua, likipinduka. Bei yake ni kubwa zaidi, na kwa Carina Ti ya zamani iliyokwisha kuzeeka mara nyingi hailipi, kwa sababu hata wakikulipa watakulipa thamani ya gari bovu. Lakini tuseme hivi: mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia Rumonge mpaka kwenye nyumba na bandari. Gari lenye bima ndogo likizama maji ya namna hiyo, kampuni haina la kulipa. Na hata mwenye bima kubwa aulize kabla: mafuriko yamo? Mlima ukiporomoka kule Gitaza ukaangukia gari, imo? Siyo kila bima kubwa ina kila kitu, jina lisikudanganye.

Sasa tuje kwenye bei.

Watu wengi wa mwambao wanamjua wakala mmoja tu, yule mwenye meza karibu na soko, na mwaka baada ya mwaka wanalipa kwake bila kuuliza mwingine. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akienda kununua mukeke atazunguka mitumbwi mitatu, atapinda mdomo, ataondoka hatua tano arudi. Kwenye asiransi anakuwa mpole kama yuko kanisani! Burundi kuna kampuni kadhaa. SOCABU ilianzishwa mwaka 1977 na ndiyo wazee wanaifahamu zaidi. Zipo pia SOCAR, BICOR na nyingine. Sisi hatumtangazii mtu. Tunachosema ni kwamba kwenda Bujumbura, au kupiga simu tu, kabla bima ya zamani haijaisha, ni kazi ya siku moja inayoweza kuokoa hela ya karo.

Ukiuliza, uliza kitu kimoja kwa wote. Hapa ndipo watu wanapotea. Mmoja anatajiwa bei ya miezi mitatu, kwingine ya mwaka, halafu anarudi nyumbani anasema "wale ni rahisi". Andika kwenye karatasi: gari gani, nguvu ya injini kama ilivyo kwenye karte roza, viti vingapi, kazi yake ni ya nyumbani au ya kubeba abiria, na muda gani. Wasomee wote karatasi hiyohiyo. Kisha uliza swali la mwisho: "Dada, hiyo ni jumla, pamoja na kodi na gharama za karatasi, au bado kuna kingine?" Mara nyingi bado kuna kingine.

Tufanye hesabu, ya mfano tu, msije mkaenda kudai bei hizi. Kampuni moja inataka faranga 330,000 kwa mwaka. Nyingine 180,000 kwa miezi 6. Ya tatu 100,000 kwa miezi 3. Kwa mwezi ni 27,500, halafu 30,000, halafu zaidi kidogo ya 33,000. Ya mwaka inaonekana ndiyo rahisi, na kwa gari linalotembea kila siku ndiyo hivyo. Lakini mnakumbuka shida ya mafuta iliyoikumba Burundi miaka ya karibuni, hasa 2024 na 2025, magari yamelala uani wiki kwa wiki. Kama gari lilifanya kazi miezi 6 tu kati ya 12, aliyenunua vipande viwili vya miezi 3 ametoa 200,000, na yule wa mwaka ametoa 330,000 kulinda gari lililokuwa limelala chini ya mwembe. Ila angalia: gari lililo kwenye foleni ya stesheni liko barabarani. Hapo bima iwe hai, hata kama injini haijawashwa tangu jana.

Kupunguziwa je, inawezekana? Inawezekana, lakini usitarajie bima ndogo ishuke kama ndagala za jioni. Kuna mambo manne matano ya kuvutia. Kama umekaa miaka bila ajali, mwambie, na umwonyeshe karatasi za zamani. Ndiyo maana karatasi za bima zilizokwisha hazitupwi wala hazifungii maandazi. Kama mko watu kumi wenye moto, nendeni pamoja kama chama, msiende mmojammoja: wakala anayepata moto kumi asubuhi moja ana sababu ya kuwasikiliza. Kama hela haitoshi, omba kulipa kwa awamu, na uandikiwe. Kama amekuongezea vitu usivyoomba, mwambie aviondoe aseme bei upya. Na bei ya kampuni nyingine uitaje bila aibu: "Mzee, kwa wenzako nimeambiwa hivi, nawe unanisaidiaje?" Akisema haiwezekani, mshukuru kwa heshima utoke. Pengine atakuita. Asipokuita umejua ukweli.

Jambo moja tunalisema kwa nguvu. Njia ya kupunguza bei inayopendwa sana ni kusema uongo: gari linabeba abiria kutoka Nyanza-Lac, lakini kwenye bima limeandikwa la nyumbani. Kweli bei inashuka, na polisi akitazama kioo anaona karatasi iko. Siku ya ajali ndipo kampuni itauliza watu sita waliokuwa ndani walikuwa ni nani, na kama walilipa nauli. Wakigundua, wanaweza kukataa, au kumlipa aliyeumia halafu wakurudie wewe mpaka senti ya mwisho. Huko siko kununua bima rahisi. Ni kulipa hela kidogo kwa kitu kisichokuwepo.

Jambo la pili linatuhusu sisi wakimbizi zaidi kuliko wengine. Magari mengi ya familia zetu yameandikwa kwa jina la mtu mwingine, mjomba au rafiki mwenye kitambulisho, kwa sababu wenyewe tuko huku. Fidia ya gari inafuata majina yaliyo kwenye karatasi. Mjomba akifariki, au mkikosana, mtu aliyetoa hela miaka mitano hana hata mstari mmoja wa kushika. Kabla ya kuhangaikia bei, familia ikae, iandike nani alichanga nini, washahidi waweke sahihi, na kila mchangaji abaki na kopi. Na dereva wa kila siku ajulikane kwa kampuni, akiwa na permi yake halali, siyo ya kuazima.

Wenye magari yanayovuka Mugina kuja Manyovu na Kigoma waulize habari ya kadi ya njano ya COMESA. Mpango huu ulitiwa sahihi mwaka 1986 na kuanza kazi 1987. Unanunua kadi kwa kampuni yako ya nyumbani, unaongeza kiasi juu ya bima uliyo nayo, na inakulinda kwa watu wengine utakaowaumiza katika nchi nyingine zilizomo. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa kadi imebaki. Anayevuka mara moja kwa mwaka alinganishe bei ya kadi na bima ya muda mfupi ya mpakani. Anayevuka kila wiki achukue kadi mapema, asingoje kufika mpakani na mzigo wa samaki unaoharibika, maana mwenye haraka havuti bei.

Upande wa Tanzania kuna tofauti ya kujua. Huko TIRA, mamlaka ya bima, imeweka kiwango cha chini ambacho kampuni hairuhusiwi kushuka. Kwa miaka mingi bima ndogo ya gari dogo la binafsi imejulikana kwa shilingi 100,000 kabla ya VAT. Kwa hiyo mtu akikuletea stika kwa nusu ya bei ya wengine, usifurahi, shtuka. Namba ya stika au ya gari inahakikiwa kwa simu kwenye mfumo wa TIRA unaoitwa TIRA-MIS, na inachukua dakika chache. Ihakiki hela ikiwa bado mfukoni. Burundi mamlaka inaitwa ARCA, iko Bujumbura. Kampuni ikikuzungusha na madai yako, huko ndiko kwa kupeleka barua, siyo kugombana na wakala wa sokoni ambaye naye ametumwa tu.

Tumalizie kwa ndugu zetu wa mbali. Kati ya waliokimbia Rumonge na Nyanza-Lac mwaka 1972, familia nyingi zilizokuwa kambini Tanzania zilipelekwa Marekani kuanzia 2007. Huko bila gari hufiki kazini, na bima ni sheria karibu majimbo yote. Texas, kwa mfano, bima ya chini kabisa inatakiwa ilipe mpaka dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa ajali moja, na 25,000 kwa mali iliyoharibika. Dereva mgeni, asiye na historia, anatajiwa bei ya kutisha. Kuvutana kama sokoni hakusaidii sana, kwa sababu kampuni zinafuata viwango walivyopeleka serikalini. Kinachosaidia ni kuuliza kampuni tatu au zaidi, maana kwa mtu yuleyule na gari lilelile bei hutofautiana sana, na kuuliza punguzo kwa jina: kijana anayefaulu shuleni, kozi ya udereva salama, kulipa miezi 6 kwa mkupuo, magari mawili nyumba moja.

Pia kuna kile kiasi unachobeba mwenyewe kwanza kampuni kabla haijaanza kulipia gari lako; wanaojua Kifaransa wanakiita franshizi. Ukikipandisha kutoka dola 500 hadi 1,000 bei inashuka, lakini uwe nazo hizo 1,000 siku ya siku. Mwenye akiba ya dola mia mbili asijaribu. Na bima ya zamani isikatwe kabla ya mpya kuanza. Hata siku chache za pengo kampuni nyingi zinakuhesabia, na mwaka unaofuata unazilipa kwenye bei.

Simu ijayo ikiingia, basi, kabla ya kutuma, mwombeni kijana apige picha ya vitu vitatu: karte roza, karatasi ya bima inayoisha, na bei alizoandikiwa na kampuni mbili au tatu. Akisema ameuliza moja tu, mpeni siku mbili.