Unaposti ajali kabla ya kupigia mama yake?

Umenunua bando ya mbao asubuhi ukiwa stendi ya Kisii, ukijiambia itakusukuma hadi jioni. Matatu haijafika Keroka, imeisha. Hukutazama filamu wala hukupakua wimbo. Ni magurupu tu. Picha 14 za maua zenye maandishi ya kukutakia siku njema, video ya mhubiri iliyotumwa na watu watatu tofauti, na ujumbe wa sauti wa dakika sita ambao ungeandikwa kwa neno moja: ndiyo.

Watu hawa unawajua. Huenda wewe ni mmoja wao. Usikasirike, hata mimi nimo.

Kuna yule anayekuingiza kwenye gurupu la mchango bila kukuuliza. Kila mtu akituma mia mbili, orodha nzima inakopiwa upya hadi simu inakwama. Ukitoka, jioni mjomba anapiga: "Mbona umetukimbia?" Tangu 2019 WhatsApp inakuruhusu kuchagua nani anaweza kukuingiza kwenye gurupu, na tangu 2022 unaweza kutoka kimyakimya, admini pekee ndiye anaarifiwa. Shida ni kwamba kwetu admini ndiye huyo huyo mjomba.

Hizo ni kero za kucheka. Embarambamba akijigaragaza matopeni, tazama, cheka, pita. Ugomvi wangu ni na yule anayefika kwenye ajali na kutoa simu kabla ya kutoa mkono.

Mwaka juzi pikipiki iligongana na lori kwenye barabara ya kwenda Nyamira. Nilikuwa kwa kinyozi. Picha ikaingia kwenye gurupu la tuliosoma pamoja: uso wazi, damu, na chini yake, "anayemjua awaambie wa kwao." Nilimjua. Ni binamu yangu. Nikampigia yeye, simu inaita tu. Nikampigia shangazi, hashiki. Shangazi alikuwa soko la Daraja Mbili akiuza ndizi, na aliyemwonyesha ile picha ni mteja, hata hakujua anamwonyesha mama mzazi.

Binamu alipona, anachechemea kidogo. Shangazi hadi leo simu ikilia anashtuka.

Aliyepiga picha nilimtafuta. Akaniambia alitaka kusaidia, na namwamini. Hapo ndipo ninapoudhika zaidi, kwa sababu simu ya binamu ilikuwa ikilia mfukoni wakati huo wote na hakuna aliyeishika. Mimi ndiye nilikuwa nikiipiga.

Sijajitoa kwenye lawama. Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliodai ni wachawi. Video zikasambaa. Ilinifikia moja, nikaituma mbele nikiweka emoji ya kulia. Kulia gani huko? Wale walikuwa nyanya za watu, na siku hizi wajukuu wana simu.

Ni kweli uvumi wa uchawi kwetu haukuletwa na intaneti. Mei 2008 watu 11 waliteketezwa Kisii, na WhatsApp ilikuwa haijaanzishwa. Lakini zamani uvumi ulitembea kwa miguu, na njiani ungekutana na mzee mwenye maswali. Leo unafika ukiwa na jina la mama wa watu, picha yake, na mishale miwili juu.

Unajua maana ya hiyo mishale miwili? Ujumbe umepita mikono mingi. Tangu Aprili 2020, ujumbe wa aina hiyo unaweza kuutuma kwa mtu mmoja au gurupu moja tu kwa wakati mmoja. Tunafanyaje sisi? Tunaupiga picha kwenye skrini na kuanza upya, mishale inapotea. Bidii hiyo tungeiweka kwenye kilimo cha chai, Nyamira ingekuwa Dubai.

Nilimuuliza kijana mmoja wa mtaani anayeposti kila ajali anapata faida gani. Akanijibu bila kupepesa, "Bro, wa kwanza kuposti ndiye hupata likes." Nikamuuliza kama mama yake yuko Facebook. Akanyamaza, kisha akacheka, kisha akanyamaza tena.

Shangazi amenitumia ujumbe wa sauti sasa hivi. Dakika sita. Wake nitausikiliza wote.