Mashine Isiyojua Kazi Nyingine ila Kuandika

Mwaka 1992, huko Cupertino, California, wahandisi wawili waliotoka Apple, Joe Barrus na Ketan Kothari, walianzisha kampuni ya kutengeneza kibodi yenye kioo chembamba cha maandishi. Haikuwa na picha wala michezo. Walizilenga shule: kompyuta zilikuwa ghali mno kumpa kila mtoto ya kwake, na walimu walitaka kifaa chepesi cha kumfundisha mwanafunzi kupiga chapa na kuandika insha. Mwaka uliofuata kifaa hicho, AlphaSmart, kikaingia sokoni.

Leo wanaozisaka mashine hizo ni watu wazima, wakiwemo waandishi wa riwaya, na wanazinunua zikiwa zimeshatumika, kwa kuwa uzalishaji ulikoma mwaka 2013. Inayopendwa zaidi ni Neo, iliyotoka mwaka 2004. Kioo chake huonyesha mistari isiyozidi sita. Juu ya kibodi kuna vitufe vinane, kila kimoja na faili lake. Hula betri tatu za AA, zile za redio na tochi, nazo hudumu takriban saa 700. Anayeandika saa mbili kwa siku atakaa karibu mwaka mzima bila kuzibadilisha. Hakuna cha kuhifadhi, maana kila herufi hujihifadhi papo hapo. Ukitaka kuhamisha kazi, unachomeka waya kwenye kompyuta, nayo kompyuta inaamini imeunganishwa na kibodi ya kawaida. Neo inaanza kuchapa upya yale yote uliyoandika, herufi baada ya herufi, mbele ya macho yako.

Mimi niliazimwa moja na rafiki. Wiki ya kwanza umeme ulikatika mara tatu mtaani kwetu, nami nikaendelea kuandika barazani, kwenye mwanga wa jua ambao kompyuta yangu ya mapajani haiuwezi. Lakini kilichonishangaza zaidi ni urefu wa muda nilioweza kukaa na wazo moja.

Watafiti wana maelezo. Mwaka 1981 Linda Flower na John Hayes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walieleza kwamba anayeandika hafanyi kazi moja bali tatu zinazopishana: kupanga, kuyageuza mawazo kuwa sentensi, na kupitia kilichokwisha andikwa. Zote zinagombea meza moja ndogo akilini, iitwayo kumbukumbu ya kazi. Nelson Cowan, katika uchambuzi wake wa mwaka 2001, alikadiria kwamba meza hiyo hubeba vitu vinne hivi kwa wakati mmoja. Sasa jiangalie ukiwa katikati ya sentensi ndefu. Umeshika ilivyoanza, unatafuta neno, unakumbuka hoja ya aya, unajua inakoelekea. Meza imejaa. Ujumbe wa simu ukiingia, lazima kimojawapo kianguke.

Na ukirudi, hurudi mzima. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiiacha kazi kabla haijaisha na kushika nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kule alikotoka. Aliita hali hiyo mabaki ya umakini. Ndiyo maana dakika moja ya kuchungulia habari haigharimu dakika moja tu. Kujizuia nako ni kazi, na kazi hiyo inafanyika juu ya meza ileile. Neo inamwondolea mwandishi mzigo huo, kwa kuwa hakuna cha kuzuia.

Kwetu tunaoandika Kiswahili kuna faida ambayo sijaona ikitajwa. Kompyuta nyingi hutufikia zikiwa zimepangwa kwa Kiingereza. Unaandika aya safi, nayo inachorewa mistari myekundu kila neno kana kwamba umekosea yote, na mara nyingine neno linabadilishwa kabla hujaliona. Ile kazi ya tatu, ya kupitia, inaburutwa mbele ya zile mbili kwa nguvu, na mwandishi anaanza kuitetea lugha yake badala ya kuandika. Neo ina kikagua tahajia cha Kiingereza, lakini hakifanyi kitu mpaka ukiite. Unaandika "ng'ombe" na inabaki "ng'ombe".

Wajapani nao wana mashine za aina hii. Kampuni ya vifaa vya ofisini ya King Jim ilitoa Pomera ya kwanza mwaka 2008, ikifungwa na kufunguliwa kama kitabu. Marekani kuna Freewrite, iliyoanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2016, na kioo chake ni cha wino wa kielektroniki. Ndani ya kioo hicho mna vifuko vidogo sana, vyembamba kama unywele, vyenye chembe nyeupe na nyeusi zilizobeba chaji zinazopingana. Umeme unazivuta chembe za rangi moja juu na kuzisukuma za pili chini, kisha maandishi yanakaa palepale bila kula umeme tena. Nuru ya jua huyafanya yasomeke vizuri zaidi, kama karatasi.

Ila Freewrite huuzwa kwa mamia ya dola, na hapo mimi sikubali. Faida yenyewe haitoki kwenye wino wala kwenye kibodi nzito ya kifahari. Inatoka kwenye kile ambacho mashine haiwezi kufanya, na kutoweza hakupaswi kuwa ghali. Mashine hizi zina kasoro pia: huwezi kuhakiki tarehe ukiwa katikati ya aya, na kuhariri kazi ndefu kwenye mistari sita ni mateso. Rasimu iandikwe humo, uhariri ufanyike kwenye kompyuta.

Mafundi vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, kibodi, kioo kidogo na chipu ya bei nafuu ni vitu mnavyovishika kila siku. Tuundieni ya kwetu, inayokula betri za dukani, ya kupelekwa hata shule isiyofikiwa na umeme. Na ritifaa ya "ng'" iwekeni karibu na kidole.