Afrika Kusini: Majeraha na uvumilivu katika mbio za baiskeli za Cape Epic

Kwa kawaida kila mwezi Machi, mamia ya waendesha baiskeli kutoka mataifa mbalimbali hukusanyika katika jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, kushiriki mbio za milimani za Cape Epic. Mbio hizo zilizoanza mwaka 2004 huchukua siku nane: hatua fupi ya utangulizi, kisha hatua saba ndefu. Washiriki huendesha zaidi ya kilomita 600 katika njia za mawe, mchanga na makorongo, na jumla ya miinuko wanayopanda hufikia takriban mita 15,000.

Kinachozitofautisha mbio hizi na nyingine nyingi ni kwamba hushindaniwa na timu za watu wawili. Wenza hao hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika mbili wanapopita vituo vya ukaguzi, wakikiuka, huadhibiwa. Kwa hiyo, mmoja anapoumia, wote wawili huumia. Mwenye nguvu hulazimika kupunguza mwendo, kumkinga mwenziwe na upepo, hata kumsukuma mgongoni penye mteremko wa kupanda. Mmoja akijitoa, mwenziwe aweza kuendelea hadi mwisho, lakini timu yao haihesabiwi tena katika msimamo.

Hapo ndipo ulipo mtihani. Mtu anayeshindana peke yake huamua juu ya mwili wake tu. Katika Cape Epic, majeruhi hubeba pia miezi ya mazoezi na gharama za mwenzake, na aibu ya kumwangusha humfanya afiche maumivu ambayo daktari angepaswa kuyajua.

Madaktari wa michezo hutofautisha maumivu ya kuvumilia na maumivu ya onyo. Michubuko iliyosafishwa vizuri na kufungwa bendeji, malengelenge ya viganja, vidonda vya makalio na uchovu wa misuli ya mapaja huvumilika, ijapokuwa vidonda visipotunzwa huweza kuingia vijidudu kabla ya siku ya nane. Goti linalouma huhitaji uangalifu zaidi. Pengine kurekebisha urefu wa kiti hutosha kulipunguzia mzigo.

Mfupa uliovunjika ni jambo jingine. Mtu anayerushwa mbele juu ya usukani mara nyingi huangukia bega au kiganja, na mtulinga huvunjika kwa urahisi. Kifundo cha mkono nacho hudanganya: kimojawapo cha vifupa vyake vidogo huweza kupasuka kikaonekana kama kimeteguka tu, na kikicheleweshewa matibabu huenda kisiunge vizuri.

Dawa za kutuliza maumivu nazo zina hatari yake. Dawa za jamii ya ibuprofen, zikimezwa na mtu aliyepungukiwa maji katika joto kali, huweza kudhuru figo. Zaidi ya hayo, maumivu yakizimwa, mshindani hupoteza kipimo cha kujua jeraha limezidi.

Jeraha lisilo na mjadala ni la kichwa. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa au kupoteza mizani baada ya kuanguka ni dalili za mtikisiko wa ubongo, na dalili hizo huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Utaratibu wa Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, unataka mshindani anayeshukiwa kupata mtikisiko huo aondolewe mashindanoni. Hapo uvumilivu hauitwi ushujaa, kwa maana kuanguka mara ya pili kabla ubongo haujapona kwaweza kuua.

Wanaofika mwisho huonesha thamani ya kwenda pamoja. Mwaka 2023 taji la wanawake lilitwaliwa na Vera Looser wa Namibia na Kimberley Le Court wa Mauritius. Siri ya timu za namna hiyo si kutougua wala kutoanguka, bali kuambiana ukweli mapema: leo nina nguvu, leo sina. Kwa wanaolazimika kushuka baiskeli kabla ya siku ya nane, wahenga walikwisha kusema kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.