Laana Zilizopunguzwa Makali katika Lugha ya Kiingereza

Mwingereza anayejigonga kidole kwa nyundo mbele ya watoto wake mara nyingi huanza kutamka neno moja akamaliza na jingine. Sauti ya kwanza ya neno kali imekwisha kutoka. Kabla halijatimia, ulimi hugeuzwa njia. Badala ya "damn", yaani laana, husikika "darn". Badala ya "hell", yaani jehanamu, husikika "heck". Kadhalika "gosh" na "golly" husimama mahali pa jina la Mungu, "gee" mahali pa jina la Yesu, na "crikey" mahali pa Kristo. Maneno haya ni tafsida, na mengi yao hayana maana nyingine yoyote: nguvu yake yote ni ya kuazima kutoka kwa neno lililofichwa nyuma yake.

Asili yake ni amri ya Musa inayokataza kulitaja bure jina la Mungu. Waingereza wa kale waliapa hata kwa damu na majeraha ya Kristo, na viapo hivyo vikafupishwa mpaka jina lenyewe likamezwa. "God's wounds", yaani majeraha ya Mungu, ikawa "zounds". Mwaka 1606 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria dhidi ya wachezaji wa tamthilia waliolitaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani. Faini ilikuwa paundi 10 kwa kila kosa, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na nusu yake alipewa aliyeleta mashtaka. Tamthilia ya Othello ya Shakespeare ilipochapwa mwaka 1622 ilikuwa na "zounds" kadhaa. Katika chapa ya mwaka 1623 zimeondolewa. Yaelekea, basi, kuwa kukatwa neno kichwa hakukutosha kulitakasa, maadamu watu walikumbuka lilikotoka. Leo kumbukumbu hiyo imefifia, na "zounds" ni neno la kuchekesha tu.

Neno "bloody" nalo lilipoa kwa njia hiyo hiyo. George Bernard Shaw alipolitia katika tamthilia yake Pygmalion, iliyochezwa London mwaka 1914, lilizua gumzo kubwa magazetini, na watu wakawa wanasema "Pygmalion" mahali pa neno lenyewe. Siku hizi Waingereza wengi hawashtushwi nalo.

Je, sauti huchangia? Mwaka 2022 Shiri Lev-Ari na Ryan McKay, wa chuo cha Royal Holloway, waliwasikilizisha wasemaji wa lugha sita, zikiwamo Kiarabu, Kichina na Kifini, maneno ya kubuni. Yale yenye sauti za l, r, w au y, ambazo haziizibi njia ya hewa kinywani, hayakuelekea kudhaniwa kuwa matusi. Tena tafsida za Kiingereza zilionekana kuwa na sauti hizo laini kuliko maneno makali zinayoyafunika. "Darn" ni mfano mzuri, hasa kwa Wamarekani, ambao huitamka r yake. "Heck" ni mfano mbaya, kwani ndiyo iliyoitupa l ya "hell" ikachukua k. Hivyo kanuni hii ni ya mwelekeo tu.

Swali zito zaidi ni kama tafsida huifanya kazi ya laana. Karne ya 19 tabibu Mwingereza John Hughlings Jackson aliona kuwa baadhi ya wagonjwa waliopoteza usemi kwa kuumia ubongo waliweza bado kutoa viapo. Hii yaonyesha kuwa laana haiundwi kama sentensi ya kawaida, bali hutoka nzima, ikiwa imefungamana na hisia. Mwaka 2020 Richard Stephens na Olly Robertson, wa Chuo Kikuu cha Keele, waliwataka watu watie mkono katika maji ya barafu huku wakirudia neno moja. Waliotamka tusi zito la kweli walistahimili maumivu kwa muda uliozidi kwa kadiri ya theluthi moja. Maneno mawili yaliyobuniwa kwa ajili ya jaribio, "fouch" na "twizpipe", hayakusaidia lolote, ingawa la pili liliwachekesha. Tafsida za zamani kama "darn" hazikupimwa katika jaribio hilo. Lakini yaelekea kuwa nguvu ya tusi hutokana na makaripio ya utotoni, wala haitengenezwi kwa siku moja.

Ndiyo maana wengi wanaosema lugha zaidi ya moja hueleza kuwa matusi ya lugha ya kwanza ndiyo huwachoma zaidi. Mwanafunzi aliyeokota "damn" katika filamu hulisikia kama neno jepesi, akaweza kulitamka mbele ya mzee wa Kimarekani bila kujua amesema nini. Kumbe katika baadhi ya nyumba za Wakristo huko Marekani mtoto hukaripiwa hata kwa "gosh" na "gee".