Rekodi ya 9-1 si bonasi: Jinsi ya kuipima timu ya chuo katikati ya msimu

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa nimesimama kando ya uwanja wa saruji hapa Kericho, koti limelowa, nikitazama vijana wa chuo wakifagia maji uwanjani ili mechi ya vikapu ianze. Hii Kericho yetu, ukipanga mechi ya saa tisa alasiri bila kuuliza mawingu, unajitafutia balaa.

Kando yangu alikuwa jamaa wa bodaboda ambaye hakosi mechi. Akaniuliza, "Buda, hii timu yetu si itafika fainali za kitaifa? Imeshinda tisa, imepoteza moja tu."

Nikamuuliza: tisa dhidi ya nani?

Akacheka. "Wewe nawe unapenda kuharibu sherehe."

Labda. Lakini swali hilo mimi nililinunua kwa karo ya semesta nzima. Wewe nakupa bure.

Kilo na bonasi

Mama yangu ana chai kidogo upande wa Konoin, Bomet. Ukilelewa kwenye chai unajua kuna pesa mbili. Kuna ile ya kila mwezi, inayolipwa kwa kilo za majani mabichi zilizopimwa kwenye mizani ya kituo. Halafu kuna bonasi, ile ambayo wakulima wa viwanda vya KTDA huisubiri ifikapo Oktoba ndipo walipe madeni, wanunue ng'ombe, na watume watoto chuoni.

Kilo unaziona kila asubuhi. Bonasi huioni mpaka mwaka uishe, kwa sababu inategemea chai yako iliuzwa bei gani kule mnada wa Mombasa na kiwanda kilitumia pesa ngapi. Ndiyo maana wazee wetu huku magharibi mwa Bonde la Ufa hulalamika mwaka baada ya mwaka: mkulima wa Kericho au Bomet na mwenzake wa Mlima Kenya wanaweza kupeleka kilo sawa, lakini wa Mlima Kenya akapata bonasi kubwa zaidi. Kilo ni zile zile. Thamani si ile ile.

Rekodi ya timu ni kilo. Tisa kwa moja inaonekana tamu kwenye mizani, lakini bado haijafika mnadani.

Nilivyojifunza

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Sitataja chuo, hakikunikosea chochote. Januari, Mama alinitumia karo kutoka kwa ile bonasi. Wakati huo vyuo vya Marekani huwa vimeanza mechi za konferensi, yaani zile za ndani ya kanda zao, na kwa saa zetu mechi zinachezwa usiku wa manane. Hosteli nzima tulikuwa macho, simu mkononi, tunabeti.

Mimi nilijiona mtaalamu. Nilikuwa mwandishi wa skoa wa timu yetu ya chuo, kwa hivyo vikapu navijua, sivyo? Mbinu yangu ilikuwa moja tu: tafuta timu yenye rekodi nzuri, iweke kwenye mkeka. Nilianza na Sh500. Nikipoteza, naongeza ili nirudishe. Mkeka wa mwisho ulikuwa na timu saba. Sita zikaingia. Ya saba ilikuwa na ushindi mwingi ajabu, karibu wote nyumbani, karibu wote dhidi ya vyuo vidogo. Usiku huo ilikuwa ugenini, na ikapigwa kama ngoma.

Kufikia katikati ya Februari karo ilikuwa imeisha. Nikarudi nyumbani nikamwambia Mama nimeahirisha masomo. Ukweli nilimwambia baada ya miezi minne, tukiwa tunachuma chai. Hakupiga kelele. Aliendelea kuchuma mstari wake hadi mwisho, na mimi nikafuata wangu.

Tangu hapo sijabeti hata shilingi. Lakini mchezo wenyewe sikuuacha. Nilitaka kujua ni nini hasa sikukiona.

Ulicheza na nani, na wapi?

Marekani kuna zaidi ya vyuo 360 katika daraja la kwanza la NCAA, vimegawanywa katika konferensi zaidi ya 30. Mwezi Machi vinabaki 68 tu kwenye mashindano ya mwisho. Bingwa wa kila konferensi anaingia moja kwa moja. Waliobaki wanachaguliwa na kamati, na kamati hiyo haihesabu ushindi tu.

Tangu 2018 wanatumia mpango wa orodha unaoitwa NET, na mechi zinawekwa katika makundi manne. Kundi la kwanza, lenye uzito zaidi, ni hivi: umecheza nyumbani na timu iliyo ndani ya 30 bora, au uwanja usio wa yeyote na timu ya 50 bora, au ugenini na timu ya 75 bora. Yaani kwao, kumpiga wa 70 ugenini ni sawa na kumpiga wa 30 kwako. Ugenini ni ngumu kiasi hicho.

Sasa leta hiyo nyumbani. Kwenye Ligi Kuu ya Kenya, timu za vyuo kama Strathmore Blades na USIU zimekuwa zikikutana na watu wazima wa Ulinzi Warriors, KPA na Equity. Mwanafunzi aliyetoka darasani saa kumi anamkaba mwanajeshi ambaye mazoezi ni kazi yake. Timu ya chuo ikimaliza huko na ushindi nusu na hasara nusu, mimi naiheshimu kuliko iliyoshinda zote kwenye mechi za kirafiki za mtaani.

Na ugenini kwetu ni zaidi ya mashabiki. Ni matatu ya alfajiri, chakula cha njiani na uwanja usioujua. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Timu ya kutoka Mombasa ikija hapa, kota ya nne mapafu yanadai. Timu yetu ikishuka pwani, joto linadai.

Ulishinda kwa ngapi?

Mechi za pointi moja, mbili, tatu, mara nyingi huamuliwa na bahati: refa mmoja, mpira mmoja uliogonga chuma ukaingia. Leo imekupendelea, kesho itakugeuka. Timu iliyoshinda saba na kupoteza tatu, lakini ikishinda inashinda kwa 15, huwa na kesho nzuri kuliko ya tisa kwa moja inayoponea chupuchupu kila wiki. Jumlisha pointi zote walizofunga, toa zote walizofungwa. Hiyo namba moja inasema mengi.

Mambo manne ya kuandika

Mmarekani Dean Oliver, aliyetoa kitabu kuhusu takwimu za vikapu mwaka 2004, alisema mechi huamuliwa na mambo manne, akayapa uzito: kulenga vizuri asilimia 40, kutopoteza mpira ovyo 25, ribaundi 20, na kupata mitupo huru 15.

Hizo zote unaweza kuzihesabu na kalamu na daftari la Sh50. Na lazima uzihesabu mwenyewe, kwa sababu mechi nyingi za vyuo vyetu huku hazina takwimu mtandaoni. Mimi huchora safu nne kila upande. Jambo la kupoteza mpira ndilo huniambia zaidi kuhusu timu ya wanafunzi. Kijana anaweza kuwa na siku moja ya kufunga kila kitu. Lakini timu inayopoteza mpira mara 25 dhidi ya wapinzani dhaifu, siku ikikutana na wakabaji wa kweli itavuliwa nguo.

Nani atakuwepo?

Mwaka 2018 Virginia iliingia mashindano ya Machi ikiwa na ushindi 31 na hasara mbili. Iliorodheshwa ya kwanza nchi nzima. Mechi ya kwanza tu, UMBC, chuo ambacho wengi hawakuwahi kukisikia, kikaipiga 74-54. Hakuna timu iliyopangwa nambari 16 iliyokuwa imewahi kumpiga nambari moja kwa wanaume. Ila watu husahau kwamba Virginia ilicheza bila De'Andre Hunter, aliyeumia mkono siku chache kabla. Mwaka uliofuata Hunter alikuwepo, na Virginia ikachukua ubingwa.

Kwetu, jeraha ni sababu moja tu. Kuna mitihani. Kuna mafunzo ya kazini, ambapo mchezaji wako bora anapelekwa ofisi ya kaunti nyingine miezi mitatu. Kuna HELB kuchelewa. Kuna karo, na hilo nalijua. Kabla ya kuitabiria timu ya chuo, usiulize tu kocha ni nani. Uliza kalenda ya chuo inasema nini.

Basi hiyo 9-1?

Baada ya mechi niliomba kuona kitabu cha skoa. Katika ushindi tisa, saba ulikuwa nyumbani. Minne ilikuwa ya pointi tatu kurudi chini. Mvuta ribaundi wao mkuu alikuwa anaenda mafunzo ya kazini baada ya wiki mbili, na mechi tatu kati ya nne zilizobaki zilikuwa ugenini.

Nikamwambia jamaa wa boda: hii si timu ya tisa kwa moja. Hii ni timu ya sita kwa nne iliyovaa suti ya kuazima. Jumamosi ijayo wanapoteza.

Jumamosi iliyofuata wakashinda. Ugenini. Kwa pointi mbili.

Simu ikalia kabla sijafika nyumbani. "Profesa! Sema sasa!"

Sina la kujitetea, ila hili: kupima timu kunakuambia kuhusu mechi kumi. Hakukuambii kuhusu usiku mmoja. Februari 2021, ukipima Kenya na Angola kwa kipimo chochote, hata cha kwangu, Angola mabingwa mara 11 wa Afrika wangeshinda. Halafu Tylor Ongwae, kijana aliyepitia chuo cha Louisiana-Monroe, akatupa mpira wa mwisho, ukaingia. Kenya 74, Angola 73. Tukarudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Nilipiga kelele jirani akadhani kuna mwizi.

Mchezo ungekuwa unatii hesabu kila usiku, hakuna mtu angesimama kwenye mvua kuutazama. Na ndiyo sababu karo haina kazi pale. Nilipokuwa sijui kupima nilipoteza. Leo najua kiasi, na bado ningepoteza, kwa pointi mbili.

Vijana wa hosteli bado hunitumia ujumbe ikifika Januari: "Buda, tupe timu tatu za leo usiku." Huwa nawajibu na hayo maswali: nani, wapi, kwa ngapi, na nani hayupo. Wengi hawarudi tena. Mmoja alirudi na daftari.

Mimi narudi chuoni Septemba, Mungu akipenda. Karo nimeichuma mwenyewe, kilo kwa kilo, na bado kuna pengo la Sh6,000. Mama amesema atangoja aone risiti.

Timu yetu inacheza tena Jumamosi. Jamaa wa boda amesema atakuja mapema. Nimemwambia akifika nitampa kalamu, yeye aandike safu ya ribaundi, kwa sababu yule kijana wao mrefu sasa ameshaondoka.