Kabla ya Kulipia Kiti, Tazama Juu

Jioni ya tarehe 26 Julai 2024, Olimpiki ilifunguliwa Paris chini ya mvua kubwa. Wanamichezo walipita kwa maboti katika Mto Seine, watazamaji wakiwa wamejipanga kingoni. Waliokaa chini, karibu na maji, walilipa kati ya yuro 90 na 2,700. Waliokuwa kwenye kingo za juu, zaidi ya watu 200,000, walipewa tiketi za bure. Mvua haikumuuliza mtu risiti. Aliyelipa 2,700 alikuwa amenunua ukaribu, na paa halikuwemo katika bei.

Basi wewe unayeweka akiba ili ukaone mashindano ya kimataifa, linganisha mambo haya kabla ya kulipa.

Karibu au juu? Paa la Stade de France, uwanja wa riadha wa michezo hiyo, hufunika majukwaa yote. Wanaolowa ni wanariadha. Tiketi ghali za riadha zilifika yuro 980, lakini kiti cha juu cha bei nafuu kilikuwa chini ya paa lile lile. Tena mvua ya upepo huanza na safu za mbele, zile zinazouzwa ghali. Mimi ningekaa juu, nimwone Beatrice Chebet akishinda mita 10,000 nikiwa mkavu.

Uwanja upi? Roland-Garros ina viwanja viwili vya tenisi vyenye paa la kufunga: Philippe-Chatrier na Suzanne-Lenglen. Tarehe 27 Julai mvua ilipozidi, mechi ziliendelea humo tu. Viwanja vya nje havikuchezwa. Hapa nafuu hugeuka hasara: tiketi rahisi ya uwanja wa nje inaweza kukununulia siku nzima ya kungoja. Kwa tenisi, ongeza pesa upate paa.

Au barabarani, bure? Siku hiyo hiyo waendesha baiskeli walishindana na saa kwenye barabara zilizolowa, na wengi waliteleza wakaanguka. Kuwatazama pembeni mwa barabara hakukuwa na malipo, kama ilivyo kwa marathoni. Gharama yake ni miguu na baridi, lakini ukichoka unaondoka bila kupoteza senti. Kwa familia yenye watoto, sioni chaguo bora zaidi siku ya manyunyu.

Je, wakiahirisha? Mashindano ya wanaume ya ubao wa magurudumu yalisogezwa kutoka tarehe 27 hadi 29 Julai kwa sababu ya mvua. Yale ya wanaume yanayounganisha kuogelea, baiskeli na kukimbia yalisogezwa siku moja, kwa kuwa maji ya Seine yalikuwa yamechafuka. Mwenyeji hurudi kesho. Mgeni ana ndege ya kuwahi. Bei ya usiku mmoja wa ziada hotelini iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, na usome masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kulipa.

Mwavuli au koti? Chukua koti jepesi la plastiki lenye kofia. Mwavuli humziba aliye nyuma yako, na viwanja vingine huuzuia mlangoni. Tiketi za Paris zilikuwa kwenye simu, kwa hiyo simu iliyolowa au kuishiwa chaji ni tiketi iliyopotea. Mfuko wa plastiki na pawabenki ni vya lazima kuliko jezi mpya.

Haya yanatuhusu hata sisi tusiopanda ndege. Kenya, Tanzania na Uganda zimekabidhiwa AFCON 2027, na wengi wetu tutanunua mzunguko, tiketi za bei ya chini. Mzunguko hauna aibu yoyote. Ila siku ya kununua tusiishie kuuliza bei. Tuulize pia jukwaa lipi limefunikwa, mvua hupiga upande gani, na mechi ikisimama tutarudije nyumbani usiku. Anayejua majibu hayo atafuata mpira kwa macho yote mawili hadi filimbi ya mwisho.