Bawa linalopinda na kihisi kisicholemea (sehemu ya pili)

Wazee wa Lubutu walioziona ndege za misaada zikitua Tingi-Tingi mwaka 1997, juu ya kipande cha barabara, wanajua kwamba bawa la ndege si gogo. Magurudumu yakigusa chini, ncha za mabawa hushuka, hupanda, hushuka tena. Je, fundi anajuaje zimecheza kiasi gani?

Hapa Obokote jibu linaanzia mgazini. Kata kuti la mchikichi, shika shina lake, litikise. Kisha funga jiwe nchani ulitikise tena: sasa linacheza taratibu, kwa mtindo mwingine kabisa. Kihisi kizito ni jiwe hilo. Kinapima mwendo ambao chenyewe kimeuharibu. Ndiyo maana wahandisi wanagombania kila gramu.

Na mwendo mdogo usidharauliwe. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet, G-ALYP, ilitoka London kwenda Johannesburg kupitia Entebbe, safari ya kwanza duniani ya jeti yenye abiria wa kulipa. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyo hiyo ilipasuka angani karibu na Elba. Watu 35 walikufa. Huko Farnborough, Uingereza, wataalamu waliitumbukiza Comet nyingine katika tangi la maji, wakawa wanaijaza shinikizo na kulitoa, kana kwamba inapaa na kutua. Ukihesabu na safari ilizokwisha kuruka, mwili wake ulipasuka baada ya mizunguko 3,057. Metali ilikuwa imechoka kwa kutanuka na kunywea ambako jicho lisingeweza kukuona.

Kwa kupima mwendo mdogo namna hiyo, kihisi ninachokistahi kuliko vyote ni kijiti cha chuma kinachoteleza ndani ya koili tatu. Ya katikati hupewa umeme wa kwenda na kurudi. Mbili za pembeni huupokea kwa nguvu ya sumaku. Kijiti kikikaa katikati kabisa, pande mbili hulingana, tofauti huwa sifuri. Kikisogea hata chini ya sehemu ya elfu ya milimita, upande mmoja huzidi, na mtambo husoma umbali. Kijiti hakigusi koili, kwa hiyo hakuna kinachosuguana wala kulika.

Lakini bawa hupinda hata kwa mita, si kwa milimita tu. Januari 1995 Boeing waliyapinda mabawa ya 777 kwa makusudi mpaka yakavunjika, ncha zikiwa zimepanda zaidi ya mita 7. Yalivunjika kwenye asilimia 154 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa angani. Yalitakiwa kustahimili 150.

(Itaendelea)